Gia ya autbodi ya zamani inasumbua? Jua ugonjwa uko wapi kabla hujaifungua

Wadau wa mashine za boti za zamani, habari zenu. Nimeona niandike hii kitu kwa urefu mana kila mara naletewa autbodi (mashine ya boti inayofungwa nyuma kwa nje) ya miaka ya 50, 60 au 70 na mwenyewe ananiambia "fundi, giaboksi imekufa", nikimuuliza umejuaje anasema injini inanguruma boti haiendi, basi. Na mara nyingi anakuwa kashafungua kule chini, gia ziko kwenye ndoo, wosha haijulikani ipi ilikaa wapi, na ugonjwa wenyewe haukuwa hata humo ndani. Inaniuma kweli, mana spea za mashine nyingi za umri huo hazitengenezwi tena, ukipasua kasha au ukipoteza shimu moja nyembamba (kipande cha chuma cha kurekebisha nafasi ya gia) unaweza kuitafuta mwaka mzima usiipate. Kwahiyo hapa tunaenda kwa mpangilio mmoja tu, tunaanza nje, tunakuja kwenye oili, na ndani hatuingii mpaka giaboksi yenyewe itupe sababu.

Kwanza ujue mle ndani kuna nini

Kuna shafti ndefu inashuka toka kwenye injini, mwisho wake chini kabisa imefungwa gia ndogo, pinioni. Pinioni hiyo inang'ata gia mbili kubwa kwa wakati mmoja, ya mbele na ya rivasi, zimekaa zinatazamana kwenye shafti ya propela. Sasa sikiliza hapa: hizo gia mbili zinazunguka muda wote injini ikiwa inawaka, hata ukiwa nyutro, moja inazunguka huku nyingine kule, ila hazijashikana na shafti ya propela, zinaelea tu kwenye beringi au bushi zake. Kilichoshikana na shafti ni klachi ya meno iliyokaa katikati yao, kipande cha chuma chenye meno machache makubwa pande zote mbili, na ukivuta mkono wa gia kuna fimbo inashuka inakisukuma kwenda kung'ata gia ya mbele au ya nyuma. Yaani meno ya pinioni na gia hayaachani hata siku moja, kinachoingia na kutoka ni klachi peke yake. Ukilielewa hilo, kelele nyingi utazisoma bila kufungua nati hata moja.

Hatua ya 1: Tambua mashine yako ni ya aina gani

Usiruke hii. Autbodi za mwanzo kabisa, kama zile alizoanza kuuza Ole Evinrude mwaka 1909, hazikuwa na nyutro wala rivasi, ukivuta kamba inawaka na boti inaondoka hapo hapo, na miundo mingi ya namna hiyo iliendelea kutoka kwa miaka mingi baadae, ukitaka kurudi nyuma unaigeuza mashine nzima. Mwaka 1949 kampuni ya Johnson wakatoa mashine ya QD ya hp (nguvu farasi) 10 yenye mbele, nyutro na rivasi, na baada ya hapo wengine wakafuata. Nimewahi kuona mtu anahangaika kutafuta mkono wa gia kwenye mashine ambayo haikuwahi kuwa nao, hivyo angalia kwanza.

British Seagull, mashine ya Kiingereza, nayo ni ya peke yake. Nyingi hazina gia za kubadili, kwenye miundo mingi ya zamani propela inaendeshwa na springi badala ya pini, na giaboksi yake inatumia oili nzito ya 140 na wala haikutengenezwa kuziba maji kabisa. Kwahiyo ukifungua Seagull ukakuta oili imechanganyika na maji imekuwa krimu nyeupe usipige kelele, ndo ilivyo, badilisha mara kwa mara tu na usonge mbele. Oili hiyo hiyo ukiikuta kwenye Johnson au Mercury ni habari nyingine kabisa.

Alafu kuna zile Johnson na Evinrude za miaka ya 60 hadi mwanzoni mwa 70 zinazobadili gia kwa umeme. Hizi naomba uzishike kichwani, giaboksi zake hazitumii oili nzito ya kawaida ya 90, zina oili yake nyepesi maalumu iliyokuwa inaitwa Type C. Mtu akijaza oili nzito mle klachi inaanza kuteleza au gia haziingii, na mwenye mashine anaamini giaboksi imekufa kumbe imenyweshwa oili isiyo yake. Kule chini zinashuka nyaya mbili, kijani na bluu. Kabla ya kufanya lolote chomoa hizo nyaya pima kila moja kwenda kwenye bodi ya injini, unategemea ohm kama 5 hadi 7. Ukipata sifuri kuna shoti, ukikuta haisomi kabisa waya umekatika au koili imeungua, na mara nyingi waya umechubuka pale unapopita kwenye nguzo ya mashine. Zile za mwisho mwisho, za kuanzia karibu 1968, umeme ukikatika zinabaki gia ya mbele zenyewe, kwahiyo kwenye hizo kuwa makini sana unapowasha, funga boti vizuri kwanza.

Hatua ya 2: Malalamiko yake ni yapi hasa?

Usiniambie "gia mbovu", niambie inafanya nini na inafanya saa ngapi. Injini inapanda mzunguko boti haisogei kabisa? Inasogea vizuri taratibu ila ukiongeza mafuta inakimbia bure? Inaingia gia alafu inachomoka tak, inarudi, inachomoka tena? Inasaga grrrr wakati wa kuingiza? Haiingii kabisa? Inalia mluzi inapotembea? Hayo ni magonjwa tofauti na kila moja lina njia yake, andika kwenye karatasi kabla hujashika spana.

Na hakikisha unacholalamikia ni gia kweli. Kama ukirudi nyuma mashine inanyanyuka kutoka kwenye maji, hilo ni komeo la kuzuia kunyanyuka halishiki, giaboksi haihusiki. Kama inakimbia bure kwenye kona au mawimbi tu, angalia urefu wa mashine kwenye boti, lile bapa lililo juu ya propela likikaa juu mno ya usawa wa chini ya boti propela inavuta hewa na unahisi kabisa kama klachi inateleza. Nyasi za majini au kipande cha mfuko kikikaa kwenye propela ni hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Propela, hapa ndo wengi wanapona

Chomoa nyaya za plagi zote, kila mara, kabla mkono wako haujagusa propela. Autbodi ya zamani yenye mafuta kwenye silinda inaweza kuwaka kwa kuzungushwa propela ikiwa kwenye gia, na ikiwaka vidole havirudi.

Mashine ndogo ndogo za zamani zina pini inayopita kwenye shafti na propela, kazi yake ni kukatika ukigonga mwamba ili gia zisivunjike. Ikikatika injini inapiga kelele boti imesimama, ndo dalili yake. Toa kota pini (pini ya kufungia) iliyo kwenye kofia, toa kofia, vuta propela, angalia. Inaweza kuwa imekatika lakini vipande vimebanana, inasukuma kidogo alafu inateleza, kwahiyo itoe yote uishike mkononi usiridhike kuichungulia tu.

Na tafadhali, tafadhali sana, usiweke msumari. Najua upo majini pini imekatika na msumari upo, lakini pini ilichaguliwa ulaini wake ili ife yenyewe, ukiweka chuma kigumu zaidi siku utakayogonga kitakachokatika ni jino la gia au shafti. Giaboksi nyingi nilizozikuta zimevunjika meno nilipotoa propela nilikuta msumari au kipande cha bolti pale kwenye tundu la pini. Beba pini tatu nne za size yake zifunge na waya kwenye mashine yenyewe.

Mashine kubwa kidogo hazina pini, propela zake zina mpira katikati uliobanwa kati ya kitovu na mabawa. Mpira ukizeeka unateleza, na huu ndo ugonjwa unaodanganya watu kuliko yote, mana ukitembea taratibu boti inaenda vizuri tu, ukifungua mafuta injini inapaa na boti inakaa, ukipunguza inashika tena. Ukiishika kwa mkono huwezi kugundua, nguvu ya mkono haitoshi kuutelezesha. Fanya hivi: chukua rangi au marka isiyofutika, piga mstari mmoja mwembamba kwa nyuma unaopita kwenye kitovu cha ndani ukavuka mpaka kwenye mwili wa propela, acha ukauke, nenda majini kaipe mafuta mpaka iteleze, rudi uangalie. Mstari ukiwa umeachana vipande viwili kazi imeisha, giaboksi yako ni nzima. Kuna Evinrude moja ya hp 40 niliuziwa kama skrepa kwa sababu "gia zimekwisha", ule mstari ulikuwa umeachana karibu robo mzunguko, nikabadilisha propela na sijawahi kufungua giaboksi yake mpaka leo.

Hatua ya 4: Mkono wa gia, kebo na fimbo

Kama shida ni kuchomoka, kusaga au kutoingia, njoo huku. Mwambie mtu avute mkono wa gia taratibu kutoka mbele hadi rivasi wewe ukiwa umeinama unaangalia kule nyuma, kila kiungo kwa jicho. Unatafuta kitu kinachochelewa, yaani mkono umeshaanza kutembea lakini fimbo bado imelala. Kwenye mashine ya miaka 50 kila pini ya kiungo imekula tundu lake kidogo, hapa kidogo pale kidogo, ukizijumlisha unakuta klachi haifiki mwisho wake, inang'ata kwa ncha tu, ukitia mzigo inaruka. Kebo za rimoti nazo zinaota kutu ndani zinakuwa ngumu, ukizichomoa kwenye mashine ukasogeza gia kwa mkono pale kwenye injini na ikaingia laini, shida ni kebo na wala sio mashine.

Kuna sehemu ya kurekebisha urefu kwenye fimbo au kwenye kebo. Kipimo chenyewe ni rahisi: nyutro iwe katikati kabisa, na safari ya kwenda mbele na ya kwenda rivasi zote ziishie kwenye klachi kujaa, sio kwenye mkono kugonga ukomo wake. Mkono ukifika mwisho kabla ya klachi, gia itachomoka hata kama vyuma ni vipya.

Angalia na sailensi, yaani mzunguko wa injini ikiwa hujaongeza mafuta. Mashine ikiwa inaunguruma juu sana nyutro itasaga ukiingiza gia hata ikiwa nzima, nyingi za zamani ukishaingiza gia zinatakiwa zitulie kwenye mzunguko kama 600 hadi 750 kwa dakika. Rekebisha kabureta kwanza alafu ujaribu tena.

Na jinsi unavyoingiza, ingiza kwa haraka na kwa uhakika, TAK. Watu wanaingiza taratibu kwa huruma wakidhani wanaitunza, kumbe kwa kuisogeza polepole meno ya klachi yanagongana kona kwa kona muda mrefu, na zile kona ndo zinaliwa. Hii mazoea ya huruma imeua klachi nyingi.

Hatua ya 5: Izungushe kwa mkono

Toa plagi zote ili kusiwe na kompresheni. Weka nyutro, zungusha propela pande zote mbili, inatakiwa iende bila kuvuta flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya injini) na bila kugonga. Kuna upinzani kidogo wa oili na sili (mipira ya kuzuia kuvuja), sawa. Ukihisi punje punje kama mchanga, shuku beringi.

Weka gia ya mbele. Zungusha propela, upande mmoja itashika na flaiwili itazunguka juu, upande mwingine kwenye mashine nyingi klachi itaruka tak tak tak, usishtuke, ndo ilivyotengenezwa. Weka rivasi, kwa nyingi itashika pande zote mbili. Mtu mwingine ashike flaiwili kwa nguvu na wewe uikaze propela kwenye ule upande unaoshika, ikiruka hapo kwa nguvu ya mkono tu basi klachi imeliwa vibaya au haijai, rudi hatua ya 4 uhakikishe.

Kama propela inazunguka kwenye gia lakini flaiwili imelala kabisa, na pini au mpira ni mzima, kuna kitu kimeachana katikati. Mara nyingi ni spline (meno ya mifereji) za juu ya shafti ndefu, pale inapoingia kwenye krenki, zimekula na kutu. Hiyo utaiona ukishusha sehemu ya chini yote bila kufungua giaboksi, spline zikiwa zimechongoka kama penseli ni hizo. Wakati unashusha kumbuka fimbo ya gia lazima iachanishwe kwanza, kwenye Johnson na Evinrude nyingi kuna kidirisha kidogo kwenye nguzo au bolti ya kiungo juu, ukivuta bila kuiachanisha unapinda fimbo na unakuwa umejiongezea ugonjwa.

Hatua ya 6: Oili itakwambia

Hapa chukua muda wako. Mashine isimame wima usiku mzima bila kuguswa, ili kama kuna maji yashuke chini ya oili. Asubuhi weka chombo cheupe au karatasi nyeupe chini, na bisibisi bapa inayojaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu.

Subiri kabla hujafungua. Kwenye Johnson na Evinrude nyingi, pale karibu na skrubu ya chini ya oili kuna skrubu nyingine ya msalaba. Hiyo sio ya oili, hiyo inashikilia ndani kile kiungo kinachosukuma klachi, ukiitoa kiungo kinaanguka na kukirudisha mara nyingi ni mpaka ufungue giaboksi yote. Skrubu ya oili ni ile bapa. Nilifanya kosa hilo nikiwa najifunza, kwenye mashine ya mtu, na ile sauti ndogo ya chuma kudondoka ndani bado naisikia. Ukishaitambua ya kwako, ipake rangi nyekundu.

Sasa legeza ile ya chini kidogo tu, nusu mzunguko, usiitoe, ya juu iache imefungwa. Angalia tone la kwanza. Likitoka maji matupu kabla ya oili, maji yanaingia na mashine imekaa nayo muda. Ikitoka oili safi, endelea, toa ya chini yote alafu ya juu, iache ichuruzike.

Oili ya rangi ya asali au nyeusi kiasi lakini safi ni nzuri. Nyeusi inayonuka kuungua, imechoka au ilipungua. Rangi ya chai ya maziwa au krimu, maji yamechanganyika, sili au gasketi inavuja, ila haimaanishi gia zimekufa, ukiwahi unabadilisha sili na unaendelea kutembea miaka mingine. Ikitoka kidogo kuliko ilivyotakiwa, tafuta ilikopotelea.

Chovya kidole, sugua kwa kidole gumba kwenye mwanga. Kijivu laini kama unga wa penseli, hasa kwenye skrubu yenye sumaku, ni ulaji wa kawaida wa chuma kwa chuma. Ukihisi vipande, vyembamba kama magamba ya samaki au vyenye kona, simama hapo, jino au beringi linamomonyoka. Vinavyong'aa rangi ya dhahabu ni bushi za shaba zinaliwa. Pitisha sumaku kwenye ile oili ujue kipi kinashikika na kipi hakishikiki, chuma kinaenda na sumaku, shaba inabaki. Ukipata magamba ya chuma hakuna haja ya kubishana tena, hiyo itafunguliwa, na usiiwashe tena mana kila mzunguko unasaga kilichobaki.

Mashine za zamani sana, za miaka ya 30 na 40, nyingine zinatumia grisi kule chini na sio oili, usiimwagie oili ukashangaa inavuja kila mahali.

Hatua ya 7: Tafuta inapovuja

Oili imeshatoka, sasa jaza hewa. Unahitaji kiungio kinachoingia kwenye tundu la skrubu ya oili, pampu ya mkono na geji ndogo. Usitumie kompresa moja kwa moja, sili za zamani zitaruka. Anza na psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 3 hadi 5, subiri dakika chache huku unazungusha propela na kusogeza gia, mana sili nyingine inavuja ikigeuka tu. Ikishika panda taratibu mpaka 10 au 12 na uiache dakika 5. Ikishuka paka maji ya sabuni au izamishe kwenye pipa, mapovu yatakuonyesha.

Mahali pa kuangalia: sili za shafti ya propela, sili ya shafti ndefu chini ya pampu ya maji, oringi (pete ya mpira) ya fimbo ya gia, gasketi za skrubu zenyewe (watu wanarudishia gasketi zile zile miaka 20), na mstari wa kuunganisha kasha kwa zile zinazopasuka vipande viwili. Usisahau ufa kwenye kasha, hasa kwa mashine iliyolala sehemu ya baridi kali ikiwa na maji ndani, maji yakiganda yanapasua alumini.

Ukitoa propela angalia vizuri pale nyuma ya wosha kubwa. Mshipi wa kuvulia unajizungusha pale unaingia chini ya mdomo wa sili na kuukata kama wembe, kwa nje huoni kitu. Nilishauchomoa zaidi ya mita moja kwenye shafti moja, ukiwa umeyeyukiana umekuwa kama pete.

Hatua ya 8: Shafti ya propela imenyooka?

Propela ikiwa imetolewa, funga kipande cha waya kwenye kasha ncha yake ikaribie kabisa shafti bila kugusa, alafu zungusha shafti taratibu ukiangalia lile pengo. Likifunguka na kufunga, shafti imepinda. Ndo mana kuna mashine unabadilisha sili leo na mwezi ujao maji yamerudi, sili haiwezi kuziba shafti inayocheza. Isukume na kuivuta pia, na ipandishe juu chini, mchezo mdogo sana upo, lakini ikigonga kwa sauti beringi au bushi imekwisha.

Hatua ya 9: Sikiliza ikiwa kwenye maji

Kama mpaka hapa hujapata, na oili haikuwa na magamba, jaza oili yake sahihi uiweke majini, boti imefungwa kwa kamba nzito mbele na nyuma. Usiiwashe nchi kavu hata kwa sekunde chache "kusikiliza tu", impela ya pampu ya maji ni mpira na inaungua haraka sana. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nguzo ya mashine juu kabisa mbali na propela, mpini sikioni.

Mngurumo mzito unaopanda na mzunguko hata nyutro, beringi ya shafti ndefu au ya pinioni, mana hizo zinazunguka muda wote. Kelele inayokuja ukiingiza gia tu, hamia kwenye klachi na beringi za shafti ya propela. Tak moja moja yenye mpangilio, jino limeng'oka. Mluzi mwembamba ukiwa na mzigo, mara nyingi shimu za gia zimekaa vibaya, hasa kama kuna mtu alishaifungua kabla yako. Kuchomoka gia ya mbele tu huku rivasi inashika vizuri, na urefu wa fimbo umeshaurekebisha, klachi na gia ya mbele zimeliwa, ya mbele ndo inayofanya kazi zaidi.

Ukilazimika kufungua

Piga picha kila hatua, panga vitu kwenye kitambaa kwa mfuatano vilivyotoka, kila shimu ifunge na gia yake. Ukiitoa klachi angalia kona za meno, zinatakiwa ziwe kali kiasi cha kukwaruza kucha. Zikiwa zimelainika zinang'aa kama sabuni iliyotumika umepata mwizi wako. Angalia pia meno yale yale kwenye uso wa gia iliyokuwa inang'atana nayo, mana ukibadilisha klachi peke yake ukaiacha gia iliyochakaa, ile ya zamani itaila mpya. Kwenye miundo mingine klachi inafanana pande zote na unaweza kuigeuza ule upande wa rivasi, ambao haujachoka, ukawa unatazama mbele. Inasaidia kama spea hakuna, nimeifanya na imedumu, lakini gia ya mbele ikiwa imeliwa sana haitasaidia.

Kwenye meno ya gia tafuta vishimo vidogo vidogo na rangi ya bluu. Vishimo ni kutu ya maji au uchovu wa chuma, bluu ni joto, ilitembea bila oili. Beringi zizungushe kwa mkono zikiwa kavu na safi, usizipulize kwa hewa zikapiga mluzi, zinaharibika hivyo hivyo.

Kila sili na oringi badilisha ukiwa umeshafika ndani, hata zile zinazoonekana nzima. Sili za shafti ya propela mara nyingi ni mbili zinapeana mgongo, mdomo mmoja unazuia oili isitoke na mwingine unazuia maji yasiingie, ukizipanga zote upande mmoja umefanya kazi nusu.

Kujaza oili, fungua skrubu zote mbili, pampu kutoka CHINI mpaka itoke juu bila mapovu, funga ya juu kwanza, ndo uchomoe pampu na ufunge ya chini haraka. Ukijaza kutoka juu hewa inabaki imenaswa ndani na unatembea na oili nusu. Iache kama saa moja, fungua ya juu uone kama imeshuka, ongeza. Baada ya safari ya kwanza fupi, mashine ilale wima usiku tena, na asubuhi ulegeze ile ya chini nusu mzunguko uangalie tone la kwanza linatoka rangi gani.